Dakika Tatu za Mzee Funguo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Mnanijua kwa utani, lakini leo utani wangu ni mchache. Leo tunamkumbuka msimamizi wa jengo. Si mwenye jengo. Msimamizi. Yule anayefagia ngazi, anayebadilisha balbu, anayejua maji yakigoma ni bomba lipi la kugongwa. Wapangaji walimwita Mzee Funguo, maana alitembea na kishada cha funguo kiunoni, akasikika kabla hajaonekana.

Miaka ishirini na miwili katika jengo moja. Narudia: miaka ishirini na miwili, jengo moja. Lilikuwa la ghorofa tano. Mwenye nyumba akaongeza ya sita, na juu ya hiyo ya sita akapandisha matangi mawili ya maji. Mzee Funguo alimwambia mkewe siku ile ile kwamba roho yake haikutulia.

Mkewe anasema mumewe hakujua kufupisha maneno. "Akianza kukuamkia, chai yako inapoa," ananiambia, na anacheka huku analia. Mzee alisalimia wakubwa, akasalimia wadogo, akauliza mgonjwa wa chumba namba tisa anaendeleaje, akauliza watoto na shule. Ndipo aseme lililomleta.

Mwezi wa pili, kwenye stoo ya chini, aliona ufa katika nguzo. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Akaupiga picha kwa simu. Akarekodi sauti. Akatuma vyote kwenye kundi la wapangaji, ambamo mwenye nyumba naye yumo. Wiki iliyofuata ufa ule uliingiza ncha ya kisu. Akapiga picha, akarekodi. Baadaye ukaingiza mpini wa kijiko. Akapiga picha, akarekodi. Wiki kumi na saba, wasikilizaji. Wiki ya mwisho uliingiza kidole chake cha shahada hadi pingili ya pili.

Nani alisikiliza? Hakuna. Kila sauti ilikuwa ya dakika mbili, na salamu zilikula zote isipokuwa sekunde kumi za mwisho. Watu walifungua, wakasikia "natumai mmeamka salama wote," wakafunga. Picha nayo ilifika peke yake, kijivu kitupu, wakadhani mzee kabofya kwa bahati mbaya. Mwenye nyumba alijibu kwa alama ya kidole gumba. Kila wiki, kidole gumba.

Mzee alikuwa na binti mmoja. Ana kibanda cha picha za pasipoti, na humo humo anatengeneza video za harusi, mahafali na misiba. Jumanne moja mchana baba yake aliingia, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya pazia jeupe.

"Mama," alimwambia, kwani hivyo ndivyo alivyomwita binti yake, "hizi sauti zangu na hizi picha, huwezi kuzishona ziwe kitu kimoja? Mtu akitazama, asikie."

"Naweza, Baba. Ila salamu nazikata."

"Zote?"

"Zote."

"Bakiza hata shikamoo moja," akasema. Binti akakataa, wakacheka.

Alifanya kazi ile jioni nzima. Picha kumi na saba, sauti kumi na saba. Kila picha inasimama mpaka sauti yake iishe, kisha inayofuata. Chini aliandika tarehe. Alipozipanga kwa mfululizo ndipo akaona kile ambacho macho yake yalikuwa hayajakiona. Ufa ulikuwa unafunguka mbele yake. Na sauti ya baba yake, iliyomenywa salamu, ilikuwa sauti asiyoijua. Ilikuwa kavu. Ilikuwa inaogopa. "Nguzo ya kati imepasuka. Imepasuka zaidi. Jamani, imepasuka zaidi." Binti akaipunguza video uzito ipite hata kwenye simu duni. Dakika tatu kamili.

Kisha akafanya jambo moja dogo, la mazoea ya kazi. Mwanzoni kabisa aliweka picha ya pasipoti ya baba yake, katikati, jina chini. Alitaka watu wajue anayesema ni nani.

Jumatano asubuhi akaituma kwenye kundi la wapangaji. Haikupita dakika moja, majibu yakaanza kumiminika. "Poleni sana." "Poleni wafiwa." "Tumepoteza mtu wa watu." "Mwenyezi Mungu awatie nguvu." Watu waliona uso umetulia, jina chini, wakadhani wameshajua: ni tangazo la msiba. Walijibu bila kufungua. Mwenye nyumba safari hii aliacha kidole gumba, akatuma mikono miwili iliyoshikana.

Binti akaandika: "Baba yu hai! Sikilizeni video!" Wakacheka. Kwenye ngazi mpangaji mmoja alimkuta mzee na ndoo yake, akamwuliza, "Mzee, kumbe umefufuka?" Mzee naye akacheka, lakini mkewe anasema siku hiyo alilala bila kula.

Alhamisi, saa moja asubuhi, mlango wa stoo ulikataa kufunguka. Ufunguo ulizunguka vizuri, ila mlango ulikuwa umebanwa na fremu yake. Mzee hakurekodi tena. Alipandisha sauti ya simu mpaka mwisho, akaenda mlango kwa mlango. Alibisha hodi, mtu akatoka, naye akainyoosha simu bila kusema neno. Fikirini, wasikilizaji: mzee yule, hajasalimia. Mpangaji mmoja ananiambia hilo ndilo lililomtisha kuliko ufa wenyewe. Akambeba mtoto, akashuka na kandambili.

Kufikia saa nne, vyumba thelathini na kimoja vilikuwa vitupu. Narudia: vyumba thelathini na kimoja. Watu walikuwa ng'ambo ya barabara na magodoro na masufuria, wengine wakinung'unika kuwa mzee kawatia hofu bure. Binti alifika akamkuta baba anahesabu watu kwa kidole. Kilibaki chumba kimoja, cha ghorofa ya sita. Simu ya aliyekaa humo haikupokelewa.

"Baba, usirudi. Nakuomba."

"Nakuja, mama. Chumba kimoja tu."

Jengo lilianguka saa nne na robo. Aliyekaa chumba kile alikuwa ametoka alfajiri kwenda kazini. Ndani hamkuwa na mtu. Mzee Funguo alikufa akibisha hodi kwenye chumba kitupu.

Binti yake hajafungua kibanda tangu siku ile. Anasema ile picha ya mwanzo ndiyo iliyomuua baba yake. Anasema angeanza na ufa, watu wangesikiliza Jumatano, na jengo lingeanguka bila mtu ndani. Nimekaa naye, nimemsikiliza, na leo namjibu mbele yenu wote.

Dada yangu, Jumatano ile mchana uliituma video yako hapa redioni pia. Ilifika kwenye simu ya studio. Niliipokea mimi. Niliona uso, niliona jina. Sikuifungua. Nililiandika jina la baba yako kwenye karatasi ya matangazo ya vifo, tuyasome Alhamisi saa saba mchana. Kabla tu ya saa nne na robo, jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha yangu, kwa mwandiko wangu, naye alikuwa bado anapanda ngazi.

Kwa mkewe, kwa binti yake, kwa ndugu wote, natoa pole, na safari hii video nimeisikiliza kwanza, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Nawaomba radhi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, zimo simuni mwenu sauti za watu ambao mmeshawajibu bila kuwasikiliza. Zimeni redio sasa hivi. Nimeruhusu. Mkazifungue.