Kavinya Muthama, Aliyejifunza Kuogelea Akiwa na Miaka Hamsini na Tisa

Marehemu Kavinya Muthama alizaliwa tarehe 3 Mei 1962 huko Kalawa, Kaunti ya Makueni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimeu na mkewe Ndinda.

Alisoma hadi darasa la sita, akaacha shule mwaka 1974. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kichwa chake kilikuwa kigumu. Hakikuwa kigumu hata kidogo. Ukubwani alikariri nambari za simu za majirani wote wa ploti yao ya nyumba za kupanga, na mtu akipoteza simu alikwenda kwake kwanza.

Mwaka 1982 alifika Nairobi, akaajiriwa katika kiwanda cha plastiki eneo la Baba Dogo, akipanga mabeseni na kuyafunga kwa kamba. Alifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minane. Mwaka 1986 aliolewa na Muthama, mchonga vinyago, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani Agosti 1991. Waliishi mtaa wa Umoja, wakajaliwa watoto wawili, Mukai na Muoki. Mumewe alifariki mwaka 2011.

Sehemu inayofuata Muoki hakutaka iandikwe. Alisema mazishini watu huandika mazuri. Dada yake Mukai, anayeusoma wasifu huu, aliomba ibaki.

Januari 2020, kina mama wa kanisa walifundishwa na Nangila, mwalimu wa vijana, kutengeneza bango la maono. Kila mmoja alileta karatasi ya manila, makasi, gundi na magazeti ya zamani, akabandika picha za malengo yake. Wengi walibandika nyumba na magari. Kavinya alibandika picha moja tu, katikati: mwanamke aliyevaa vazi jekundu la kuogelea, mikono mbele, akikata maji. Chini yake akaandika kwa kalamu nene: MIMI, KABLA YA SITINI. Alilitundika sebuleni, juu ya televisheni.

Jumamosi tarehe 22 Februari, jamaa za Owen Mbuthia walikuja kutoka mtaa wa Fedha kumposa Mukai. Mukai wakati huo alikuwa karani wa benki, na tangu alfajiri alikuwa akihamisha viti na kuficha vikombe vilivyomeguka. Bango alilisahau. Shangazi yake Owen ndiye aliyeliona.

"Na huyu 'mimi' ni nani?" akauliza, akicheka.

Wageni wakageuka wote. Mukai aliangalia yale mapaja ya gazetini, akamfikiria mama yake, akaona haya.

"Bango ni la msichana wa kazi," akasema.

Kavinya alikuwa mlangoni na thamosi ya chai. Nyumba hiyo haikuwahi kuwa na msichana wa kazi. Pilau waliyokuwa wakila aliipika yeye, na viti aliviazima yeye.

"Ni lake," Kavinya akasema, akiweka thamosi mezani. "Watoto wa siku hizi wana ndoto kubwa. Karibuni chai."

Jioni mama na binti waliosha vyombo pamoja na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kesho yake juu ya televisheni kulikuwa na kalenda. Mukai alishukuru kimoyomoyo, na kushukuru huko ndiko kunakomwia vigumu zaidi kukumbuka.

Corona ilipopungua na mabwawa kufunguliwa, Kavinya alijishonea vazi la kuogelea la mikono mirefu, akaanza kwenda na Nangila kila Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la shule moja. Wiki tatu za kwanza alikaa ukingoni, miguu tu ikiwa majini. Kufikia Desemba 2021 alilivuka bwawa lote bila kushika popote. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Julai 2022 alimpigia simu Mukai, aliyekuwa ameshaolewa na Owen. "Jumamosi una nafasi? Kuna mahali nataka uje unione."

"Mum, Jumamosi ni ya familia."

"Sawa, mama. Siku nyingine."

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliuvumilia ugonjwa bila manung'uniko, akiwatania wauguzi. Siku moja mwezi wa Agosti, Mukai alikuwa wodini akitafuta nambari katika simu ya mama yake, akakuta picha: Kavinya ndani ya maji, kofia ya mpira kichwani, anacheka.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijaribu. Halafu nikaona nisikuaibishe."

Ndipo akamweleza kwamba mwaka 1974, wakivuka mto kwenda shule, maji yalimchukua mdogo wake Nyamai, wa miaka saba, yeye akiwa amesimama ukingoni hajui la kufanya. Hakuvuka tena ule mto. Shule ilikuwa ng'ambo.

Mukai alitaka kuomba msamaha, lakini wageni waliingia, akajiambia kesho. Kesho yake mama hakuweza tena kuzungumza. Mukai aliomba hata hivyo, akiwa amemshika mkono. Hajui kama alisikika. Kavinya alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa moja asubuhi.

Siku ya tatu ya matanga walifika Umoja wanawake ambao familia haikuwajua. Mmoja akamshika Mukai mikono yote miwili.

"Mimi ni Mama Abdiwali, wa Jumamosi. Sisi tulifundishwa kuogelea na mama yako. Wewe ndiye Mukai? Alitwambia wewe ndiye ulimtia moyo aanze."

Mukai alishindwa kumjibu. Anamjibu leo, mbele ya wote: si kweli. Hakumtia moyo. Alimkana mbele ya wageni, na mama yake akamfichia aibu hiyo hadi kaburini.

Marehemu ameacha watoto wake Mukai na Muoki, mkwewe Owen, mjukuu wake Kate, na wanawake kumi na mmoja wa Jumamosi, ambao familia imewaomba waketi mbele pamoja nayo.

Bwana ampokee Kavinya, ampe pumziko la amani.