Kosa la Digna

Pantoni ilikuwa katikati ya Mto Kilombero. Mjane Eufrasia alikaa juu ya furushi lake, akimsikiliza mama mmoja akimweleza mzee asiyemjua habari za bintiye wa miaka sita, aliyesimama hapo hapo.

"Nilimwacha Digna juu ya dungu la shambani aamie ndege. Narudi, kwelea wamemaliza mpunga wote, naye kakaa anawatazama!"

"Alilala huyo."

"Hakulala, baba. Anasema katekista amewafundisha kuwa Mungu ndiye anayewalisha ndege. Akaona ni dhambi kuwafukuza wakila."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kicheko cha mtu ambaye mpunga wake uko ghalani. "Mchape, mwanangu! Na kazi ya dungu alipewa na Mungu huyo huyo."

"Nimemchapa. Ananiuliza kosa lake ni lipi. Nikimwambia katekista kakosea, kesho atashika neno la nani?"

Eufrasia, aliyewafundisha watoto sala miaka mingi, aliinama akakaza fundo la furushi lake.

Digna akavuta kanga ya mama yake. "Mama, na sisi Mungu atatulisha lini?"

Pantoni ikagonga ukingo, watu wakainua mizigo yao.