Dawa ya Maji Laki Sita

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbele ya karakana ya Futi, seremala, na ukuta wa karakana ndio ubao wa wanaoketi hapo. Hesabu ya wiki iliyopita bado iko pale kwa chaki: mita ishirini mara kumi mara tatu. Ni bwawa la kuogelea la hoteli, anakosafisha Brashi. Mpima dawa aliacha kazi, Brashi akakabidhiwa ndoo ya klorini, akaambiwa atie kulingana na wingi wa maji. Akaja kuuliza kijiweni. Wakapiga hesabu wote, wakapeana mikono kama waliojenga daraja. Jana jioni akatia dawa. Leo asubuhi akampeleka mpwa wake, binti wa dada yake, aogelee kabla wageni hawajaamka. Mtoto akatoka humo analia, macho mekundu, hayafunguki. Sasa ni alasiri, Brashi ameshika kikombe cha kahawa kijiweni.

— Lita laki sita! Futi aligonga ukuta kwa penseli. Hesabu hiyo haina kosa. Kina si ulipima mwenyewe?

— Kwa mpini wa brashi. Mita tatu.

— Ulipimia wapi? aliuliza muuza kahawa.

— Ninaposimama siku zote, penye mashine ya kusukuma maji.

— Huko si ndiko wanakoruka wakubwa? Na upande wa watoto je?

Brashi alishika kiuno chake, akakiangalia.

— Hapa. Mita moja. Sakafu inapanda, jamani. Wastani ni mita mbili, maji ni laki nne tu. Nimetia dawa ya laki sita kwenye laki nne!

— Ishia hapo hapo! alifoka Bunge, dereva mstaafu ambaye hajawahi kukosa la kusema. Kesho meneja akikuita, utajipeleka mwenyewe machinjioni? Sema jua limekunywa maji.

— Jua linywe lita laki mbili kwa usiku mmoja?

— Basi sema wageni. Mtu mnene akiingia maji yanapanda, akitoka yanashuka. Nani atapima kitu kinachopandapanda?

— Lakini hapakuwa na mgeni, Bunge. Alikuwa mtoto peke yake.

— Hata lita zenyewe, Futi alidakia, maana chaki ile ilikuwa ya mkono wake. Lita za siku hizi ni lita? Zamani ukijaza ndoo, bega linakuambia. Maji ya sasa mepesi.

— Umeona! Bunge alirukia. Na mimi nasema hoteli wameinua ile sakafu kwa siri, wabane matumizi ya maji.

— Tangu lini?

— Tangu tulipopiga hesabu!

Walicheka, tena kwa nguvu, cheko la watu wanaoogopa kutazama ukuta. Brashi hakucheka. Hasira zilimpanda, juu yao na juu ya nafsi yake, akazimeza pamoja na kahawa.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni na kiti kilichovunjika mguu. Ni mshonaji, amehamia mtaani juzi tu, na alikuwa akingoja Futi amalize maneno.

— Samahanini, alisema. Huyo mtoto anaendeleaje sasa?

Futi alimtazama Bunge. Bunge alimtazama muuza kahawa, naye akaanza kufuta birika lililokwisha kufutwa. Asubuhi Brashi alimwacha mtoto mlangoni kwa dada yake, akasema anakimbilia kazini, akaja kukaa hapa. Mlango wenyewe ulikuwa ng'ambo ya barabara, wanauona wote kutoka benchini.

— Sijui, mama, Brashi alisema.

Aliweka kikombe chini, akainuka.

— Keti bwana, Bunge alimvuta shati. Kwanza tukubaliane utamwambia nini meneja.

Ng'ambo, mlango ulifunguka. Dada mtu alitoka na beseni, akamwaga maji, akainua macho kuelekea kijiweni.

Na Brashi, Mungu amsamehe, akakaa.