Aliyeondoa Kioo Juu ya Lami

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya sita. Mama alikuwa akisema alichelewa kuzungumza. Alipoanza, neno lake likawa "kwa nini", na hakuliacha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari, na mwaka 1977 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Hesabu zilimsumbua. Alizirudia mpaka zikachoka zenyewe.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa katika maabara ya barabara. Kazi yake ilikuwa kuchanganya lami na chokaa, unga wa matairi au plastiki, na kupima ni mchanganyiko upi unaochelewa kuzeeka. Wenzake waliridhika kuizeesha lami ndani ya tanuri. Yeye alianika trei za lami juu ya paa miaka miwili, akisema, "Tanuri lina joto, lakini halina jua."

Mwaka 1991 aliupitisha mchanganyiko wa plastiki. Barabara ikajengwa, na kabla ya miaka mitatu ikakauka na kupasuka kama ukoko. Lawama zikamwangukia msimamizi wa ujenzi. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshachapwa. Ndipo kaka akapanda juu ya paa na kuliona kosa lake: alizifunika trei kwa kioo zisiingie vumbi, na kioo kikazuia ule mwanga mkali unaokausha lami. Mkuu wake akamwambia, "Nyamaza bwana, nani atajua?" Akajibu, "Mimi najua." Aliandika barua ya kurasa mbili kukiri, akashushwa cheo na kupelekwa stoo miaka minne. Kila asubuhi, kabla ya kufungua stoo, alipanda kukagua trei mpya zisizo na kioo. Safari hii chokaa ilishinda, na ikaanza kutumika. Wakati ule nilimkasirikia sana. Leo namwonea fahari.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. "Mke mwenzangu ni trei," wifi alikuwa akitutania, na kaka hakukanusha.

Aliugua figo tangu Agosti 2021. Kila daktari alipomwongezea dawa, aliuliza imepimwa na nani, kwa muda gani. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano na sisi ndugu zake. Msimamizi yule wa ujenzi, ambaye alibaki kazini hadi kustaafu, alikuja juzi kuomba naye aandikwe miongoni mwa wafiwa. Alisema, "Watoto wangu wamesoma kwa sababu ya barua ile." Tumemwandika.

Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani.