Moyo wa Upande wa Pili: Risala ya Chumba cha Samaki

Mgeni rasmi, mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, pamoja na wote mliofuatana naye,

Ukaribisho

Karibu sana. Tunajua umekuja kukata utepe na kukifanya chumba hiki kuwa sebule ya wageni. Utepe wenyewe ulifungwa mlangoni tangu jana, na leo asubuhi tumepita chini yake tumeinama kama wanaookota sindano, kwa sababu samaki hawakupewa taarifa na walitaka kula.

Historia ya chumba

Chumba hiki kilianzishwa na mwalimu wetu wa viinitete, yaani viumbe vingali ndani ya yai au tumboni, tunayemwita Mama Mayai. Yeye alichagua samaki wadogo wa mistari kwa sababu mayai yao yanapitisha mwanga. Ukiliweka yai chini ya hadubini, unaona tone la uhai likijigawa, likijitandaza, kisha likiamua huku kutakuwa kichwa na huku mkia, huku mgongo na huku tumbo. Uamuzi wa mwisho ndio mgumu: kushoto ni wapi? Hapo kuna kifuko kidogo chenye vinyweleo vinavyozunguka na kusukuma maji upande mmoja, na mwili ukihisi mkondo ule, unajua moyo uelekee wapi. Hata sisi binadamu tulipangwa karibu vivyo hivyo tumboni mwa mama zetu, ingawa hakuna anayekumbuka kuulizwa.

Mafanikio

Mheshimiwa, tungeweza kukusomea vyeti. Tumeona heri tukusimulie habari za mwenzetu, Dada Leso, aliyekaa pale mstari wa mbele. Jina hilo alipewa kwa ajili ya mafua yake, ambayo hayajawahi kumwacha tangu utotoni.

Siku ya somo la kushoto na kulia, Mama Mayai alileta kile chombo cha daktari cha masikioni, akataka kila mtu autafute moyo wa jirani yake. Jirani wa Dada Leso ni kijana wetu mmoja mnene, mpole, asiyependa kubahatisha. Alisikiliza, akahamisha chombo, akasikiliza tena, mwisho akainua mkono.

“Mwalimu, huyu dada hana moyo.”

Darasa zima likacheka, na Dada Leso akacheka kuliko wote, ila mkono wake ulikwenda kifuani wenyewe. Mama Mayai akakichukua chombo, akakiweka upande wa kulia, akatulia. Alipokiondoa alikuwa anatabasamu, lakini Dada Leso alikwisha kuacha kucheka.

“Ina maana niliumbwa vibaya?”

“Umeumbwa kinyume, si vibaya,” alisema Mama Mayai. “Kila kitu kipo, ila kimehamia nyumba ya ng’ambo.”

Akamweleza kwamba huenda vile vinyweleo havikuzunguka sawasawa alipokuwa mdogo kuliko punje ya mchele, na mwili ukabaki kukisia upande. Vinyweleo vya aina hiyo ndivyo pia hufagia makamasi puani, kwa hiyo mafua yake yalikuwa na ukoo mmoja na moyo wake. Akamtuma hospitali apigwe picha, na picha ikakubali: moyo kulia, ini kushoto, kama mtu aliyesimama ndani ya kioo. Jioni alimpigia mama yake simu. Mama yake akauliza huko chuoni wanawafanya nini watoto wa watu mpaka mioyo inahama.

Tulimtania muda mrefu. Tulimwambia akipenda atapenda upande usiofaa. Kisha ikaja siku aliyoshikwa na tumbo katikati ya somo, akajikunja juu ya benchi, na utani ukatuishia. Tulimbeba hadi zahanati. Daktari kijana alimbonyeza, akaona maumivu yako chini kushoto, akasema ni gesi, akaanza kuandika vidonge. Dada Leso alimshika mkono ulioshika kalamu.

“Daktari, ni kidole tumbo.”

“Kidole tumbo hakikai huko, dada.”

“Changu kinakaa.”

Daktari, tunamshukuru, hakubisha. Alisikiliza kifua chake, akaiweka kalamu chini, akaita gari. Hospitali walimpasua kushoto, na waliotoka mle ndani walituambia tungechelewa kidogo tu kingepasuka. Mama yake alipofika alitukumbatia mmoja mmoja, halafu akaomba aonyeshwe hao samaki. Akainamia hadubini, Mama Mayai akimweleza habari za vile vinyweleo, mpaka tukadhani amesinzia. Alipoinuka alisema, “Kumbe hakuna kosa nililofanya.” Hatukujua kwamba miaka yote alikuwa akijiuliza alikosea wapi hata mwanawe asipone mafua.

Changamoto

Tunaambiwa samaki watahamia stoo ya chini, isiyo na dirisha wala soketi inayofanya kazi. Fundi umeme ameikagua, akasema anawapa pole samaki. Hatupingi wageni kupata sebule. Wageni wanaweza kukaa penye viti, lakini yai linataka joto na maji yanayotembea.

Maombi

Ombi letu ni moja. Mkasi uko juu ya meza, tumeunoa. Kabla hujaushika, njoo kwenye hadubini iliyo karibu na dirisha. Pale kuna yai ambalo jana halikuwa na kitu kifuani. Asubuhi hii kimrija chekundu kimeanza kuruka, bado kinasitasita kama mtu anayejifunza ngoma. Ukishaona, kata utepe ukitaka. Sisi tutapiga makofi.

Mungu akuzidishie afya, na akupe macho ya kupenda vilivyo vidogo.

Ni sisi wako,
Wanafunzi na wafanyakazi wa Chumba cha Samaki.