Mma Gaolatlhe, Aliyetufundisha Kuuliza Jina Kabla ya Kung'oa Jino

Baada ya miaka thelathini na moja katika kliniki yetu ya meno, Mma Onalethata Gaolatlhe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Mimi ni msafishaji hapa, na shule sikufika mbali, lakini nilipoombwa niandike sikukataa, maana wanangu wote wamepita mikononi mwake.

Alianza kama muuguzi wa kumsaidia daktari. Ni mcheshi huyu! Mtoto akilia, anampa kioo ahesabu kwanza meno ya Daktari Molefhe, na daktari hana budi kupanua mdomo.

Lakini kubwa ni ile siku ya akina Mma-Kagiso. Mwanamke mwenye watoto humwiti kwa jina lake, utaonekana huna adabu; ni Mma, yaani mama, na jina la mtoto. Basi Mma Gaolatlhe akatoka mlangoni akaita, "Mma-Kagiso!" Akainuka bibi mmoja aliyekuja kusafishwa meno tu. Akaketi, akachomwa ganzi, akang'olewa jino. Jino lilikuwa limechakaa kwa uzee, daktari naye hakushtuka. Saa sita ndipo mama kijana, shavu limevimba kama kabugia andazi zima, akauliza, "Jamani, mimi Mma-Kagiso mmenisahau?"

Tulipigwa na butwaa. Wauguzi wakamnong'oneza Mma Gaolatlhe, "Nyamaza, Mma. Bibi keshaenda zake wala hajalalamika. Utafukuzwa kazi bure." Na nyumbani alikuwa na watoto wadogo na mume mgonjwa! Yeye akavua aproni, akamchukua daktari, wakaenda kwa bibi mchana uleule, wakapiga magoti, wakamweleza kwamba jino walilong'oa halikuwa la kung'olewa.

Bibi akawatazama. "Nami nilishangaa," akasema. "Ila nikasema moyoni, hawa wamesoma."

Neno hilo lilimchoma Mma Gaolatlhe. Kesho yake akaomba kikao cha wote. "Leo nimekosea mimi, kesho atakosea mwenzangu," alisema. "Tusitafute mtu, tutafute tundu tulizibe." Tangu hapo kila mgonjwa hupigiwa makofi ya heshima, huombwa radhi kwa kuulizwa jina, hutaja jina lake kamili, kisha hushika kioo na kuonyesha jino kwa kidole chake mwenyewe. Kabla ya hapo daktari hagusi sindano. Wazee walinuna. "Jina langu hulitaja mama yangu tu!" mzee mmoja alifoka. Mma Gaolatlhe akamjibu, "Basi leo mama yako ni mimi."

Hakufukuzwa, alipewa onyo. Baadaye kliniki nyingine zikaja kujifunza kwetu. Lakini bibi hakurudi, na kila asubuhi Mma Gaolatlhe alikuwa akichungulia benchi kwanza kabla ya kuvaa aproni.

Mwaka uliofuata bibi akaja, na binti zake wawili nyuma. Akaulizwa jina. "Keitumetse Modisaotsile!" akasema, benchi zima likasikia. Akaweka kidole kwenye jino. "Ni hili. Mkimgusa jirani yake, nawauma!" Watu wakavunjika mbavu. Mma Gaolatlhe alicheka huku machozi yakimtiririka.

Asante, Mma. Siku hizi mwanangu akiketi kwenye kile kiti, mimi husimama mlangoni nimeshika fagio, sijashika roho. Nenda kwenye mtama wako na mbuzi wako, ulale mpaka jua likuamshe. Tunakuombea afya, wajukuu wengi, na meno yako yote.