Nilivyoacha Ngumbaru ili Kaka Apone

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, kuanzia nyinyi wa mbele mpaka wale waliokalia ndoo kule mlangoni! Mimi Charo, mhitimu wa ngumbaru, shule yetu ya watu wazima ya jioni, niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba watoto waliofuatana ziwa hugawiwa ubongo mmoja. Mdogo akisoma sana, anamnyonya mkubwa. Msicheke! Niliamini kuliko ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Kaka yangu Katana alikuwa akikaanga viazi karai pale Gede. Mzaha wake ungewatosha watu wa Kilifi nzima! Mteja akilalamika kwamba kiazi ni kidogo, Katana humwambia, "Mama, hicho si kidogo, kiko mbali." Hata kuku walicheka.

Kisha akaanza kuwajibu watu tusiowaona. Akazima jiko, akajifungia chumbani kwetu, mtaa wa Kisumu Ndogo, akitazama ukuta. Tuliomba, tulifunga mpaka suruali zikatukimbia. Mwishowe tukampeleka hospitali. Daktari akasema ni skizofrenia, akampa dawa, akanieleza kwamba kwa wengi wenye maradhi haya, sehemu nyeupe za ubongo huonekana zimebadilika.

Nikayabeba maneno hayo hadi kwa jirani yetu, Mama Sidi. Akapiga makofi. "Si ndiyo hayo! Umemnyonya mpaka umempausha! Kila jioni wewe na madaftari, wewe na madaftari!"

Na kweli, Katana aliugua mwaka ule ule nilioanza kusoma. Ndugu zangu, nilijihukumu papo hapo! Nikayatia madaftari guniani, nikaacha shule, mtihani umekaribia. Nikijikuta nasoma bango la duka, nafumba macho haraka, nisije nikamnyonya tena!

Kila asubuhi namchungulia: je, mzaha umerudi? Wapi! Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, namkosa kama mtu aliyehamia ng'ambo. Ningetoa miaka kumi ya maisha yangu anitanie mara moja tu.

Siku ya kuchukua dawa, nikashindwa kuvumilia. Nikaungama dhambi yangu mbele ya muuguzi, Katana ameketi kando yangu.

"Charo," akasema yule muuguzi, "sehemu nyeupe unazo wewe, ninazo mimi. Ni kama nyaya, zinapeleka ujumbe upande huu na huu wa ubongo. Kwa wengi wenye ugonjwa huu huwa zimebadilika kidogo, na sababu zake bado wataalamu wanazitafuta. Lakini hakuna anayemnyonya ndugu yake. Nani kakudanganya?"

Haleluya! Nililia machozi ya kujaza karai! Bwana alinifungua siku ile. Sisemi kwamba Katana amepona. Bado anameza dawa, bado kuna siku hasemi kitu, nami bado namtamani yule wa pale Gede. Lakini mzigo ule umetoka, namshukuru Mungu. Nawe uliye na mgonjwa nyumbani, unayejilaumu peke yako, mtumaini Bwana, na mtu wako mpeleke kliniki. Vyote viwili!

Nawaachia alichosema kaka yangu. Tulipoinuka kutoka pale kwa muuguzi, Katana, ambaye wiki nzima hakuwa ametamka neno, alinishika mkono wa shati. Akasema polepole:

"Charo, mimi naumwa. Wewe hukunifanya kitu. Rudi shule."